Maswali yenu: Nilikula pesa ya chama, sasa nimeokoka

SWALI: Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi nauza omena hapa Kibuye, Kisumu, na ndio nilikua mweka hazina wa chama yetu, wamama 14, kila mtu 500 kwa wiki. Miaka mbili iliyopita omena ilikua imefungwa isivuliwe, sina kitu ya kuuza, kijana amefukuzwa karo, nikachukua 21,000 nikijiambia nitarudisha kabla mtu ajue. Sikurudisha. Hesabu ilipokataa watu wakaanza kumwangalia katibu manake kitabu kilikua kwake, akalia, akatoka chama, na mimi nikanyamaza. Mwezi wa tatu nimeokoka. Pasta anasema damu ya Yesu imefuta yote nisiangalie nyuma, lakini nikimwona huyo mama stejini mimi nashuka gari. Naweza tu kutuma hiyo pesa kwa M-Pesa na laini ya shemeji bila kusema ni mimi? – Mama wa Omena

JIBU: Dadangu, nimesoma barua yako mara nyingi kabla ya kuandika na kila nikisoma macho yangu yanaruka ile 21,000 yanaenda kwa huyo katibu. Pasta wako hajakosea, ukitubu Mungu anasamehe na hasamehi nusu nusu. Lakini kilichofutwa ni dhambi yako mbele za Mungu, lile jina la mwizi ambalo mwenzako amebebeshwa sokoni miaka miwili halijafutwa, bado anatembea nalo na anayeweza kumtua ni wewe peke yako.

Tunapenda kumhubiri Zakayo mtoza ushuru vile alikua mfupi akapanda mti, na kwangu kitu kikubwa pale Luka 19 ni mpangilio wa mambo. Yesu ndiye alijialika kwake kwanza, watu bado wananung'unika, hakumwitisha hata senti, na ni Zakayo mwenyewe alisimama akasema nusu ya mali yake ni ya maskini na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakua ananunua wokovu. Mgeni alikua ashafika, sasa huyu mtu hakuweza tena kukaa na vitu vya watu ndani ya nyumba. Hiyo ya kushuka gari ukimwona katibu, mimi nadhani ni kitu kama hicho kimeanza kwako, usikubali mtu akuambie ni shetani anakusumbua.

Mara nne ni 84,000, na sikuambii hivyo, hiyo Zakayo alijipimia mwenyewe na alikua tajiri. Lakini iko sheria ya zamani, Hesabu 5, inasema mtu akikosa akiri, arudishe yote na aongeze sehemu ya tano. Ya tano ya 21,000 ni 4,200, jumla 25,200. Ukitoa 600 kila wiki ni wiki 42, haifiki mwaka, hata kama kuna wiki omena itakua mbaya. Nenda ukiwa na hiyo hesabu imeandikwa kwa karatasi.

Sasa ile ya laini ya shemeji. Januari 2008, zile fujo za uchaguzi zilipofika hapa Nakuru, nyumba ya mama yangu ilivunjwa na cherehani yake ikaenda. Miezi baadaye tukaamka asubuhi tukaipata mlangoni imefunikwa na gunia, mkanda umekatika, na kwa droo bado kulikua na uzi wake wa bluu. Hakuna neno, hakuna mtu. Mama alishona na hiyo cherehani miaka mingi na akasomesha wadogo zangu nayo, lakini kila jirani aliyepita akimsalimia alikua anamwangalia mikono na kujiuliza kama ni huyu. Alikua anatuambia, mashine nimepata, mimi nilitaka sauti. Alikufa hajaisikia. Ukituma pesa kimya kimya chama watapokea, na halafu watasema katibu ameshikwa na dhamira amerudisha. Utakua umemmaliza kabisa.

Kwa hivyo enda kwake kwanza kabla ya chama. Kama uko na mzee nyumbani ajue, asiisikie sokoni. Usiende na sukari wala mkate, najua kwetu hatuingii kwa mtu mikono mitupu lakini hii siku ingia hivyo, asije akafikiri unamnunua. Usianze na karo na omena kufungwa. Anza na yale yako: ile 21,000 ni mimi nilichukua, wewe hukuchukua kitu, nilikuona ukilia nikanyamaza. Halafu nyamaza na umwache aseme yake yote hata akipiga kelele majirani wakatoka. Muulize kama angetaka kuwepo siku utakayowaambia chama, na kama anataka, asikie akisafishwa jina mbele ya wale wale waliomwangalia vibaya. Huko kwa chama tafuta mama mmoja mtu mzima akae kando yako, manake wanaweza kukutoa, wanaweza hata kukupeleka kwa chifu, na wako na haki.

Na tafadhali usimsomee Mathayo 18. Yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akaenda kumkaba mwenzake kwa dinari 100, hilo neno ni la anayedai ajisomee mwenyewe kwa wakati wake. Mwenye deni akilisoma kwa sauti linakua fimbo. Anaweza kukusamehe hiyo siku, anaweza kuchukua miaka, wewe endelea kulipa 600 zako.

SWALI: Mwalimu, mimi niko Kakamega. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu akaenda Mombasa na mwanamke mwingine, mama akatulea kwa kibarua cha kukata miwa. Sa hii amerudi, ni mgonjwa, ameokoka na anataka nimsamehe mbele ya kanisa halafu nimjengee kwa boma la mama. Mama hataki hata kumwona. Wazee wa kanisa wanasema nisiposamehe na mimi sitasamehewa. – Kifungua Mimba

JIBU: Ndugu yangu, hilo neno ni la kweli, liko Mathayo 6, siwezi kukupunguzia. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba kusamehe ni lazima kuwe Jumapili, na maikrofoni, na watu wakipiga makofi.

Soma habari za Yusufu polepole, usiruke kwenda mwisho. Ndugu zake waliomuuza walipotokea mbele yake ilikua imepita kama miaka ishirini. Chakula aliwapa safari hiyo hiyo, hata pesa yao akaamuru irudishwe ndani ya magunia, lakini hakujitambulisha. Alimzuia Simeoni, akangoja, akataka kuona kama watamtupa mdogo wao Benyamini vile walimtupa yeye, na ni mpaka Yuda, mmoja wa hao ndugu, aliposema nichukue mimi mtoto arudi kwa baba yake, hapo ndio Yusufu alilia mpaka nyumba ya Farao ikasikia. Kisasi alikua ameacha kitambo. Kuamini kulichukua muda wake.

Kwa hivyo baba ni mgonjwa, mpeleke hospitali, hakikisha anakula, hiyo usingoje roho yako itulie ndio uanze. Ukiwa umekaa naye huko kwa foleni mwambie vile ilikua. Mwambie habari ya mikono ya mama ikitoka kwa miwa. Mtu akisamehewa kitu ambacho hajaambiwa ni nini, anapokea hewa tu. Lakini mama usimsamehee deni lake, hilo ni la kwake, na boma ni lake, hakuna mzee wa kanisa ana ruhusa ya kuweka msingi pale kama yeye hajasema. Hata nyumba ya kukodi hapo tauni ni nyumba. Wale wazee wakikuja tena waulize kwa heshima kama kuna mmoja wao ameshaenda kumwona mama, si kumshawishi, kumwona tu na kumsikiliza.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Njoro. Nimeenda mbele mara tatu kuombewa, wenzangu wanalia mimi sisikii kitu. Nataka kuamini kabisa. Ama sijachaguliwa? Nyumbani kuko sawa, ni vile tu na kaka yangu hatuongei tangu mazishi ya babu. – Macho Makavu

JIBU: Mwanangu, Petro alilia kwa uchungu baada ya kumkana Yesu, ni kweli. Lakini Yuda Iskariote, yule aliyemsaliti Yesu, pia alijuta na akarudisha vile vipande 30 vya fedha, tofauti ni kwamba yeye alienda zake peke yake na Petro akabaki na wenzake mpaka asubuhi ile Yesu alipowaandalia samaki pale ufuoni. Zakayo hatuambiwi alitoa hata chozi. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alisukumwa na njaa, akapanga maneno njiani kama mtu anaenda intavyuu, na baba hakungoja amalize. Wewe kuandika "nataka kuamini" tayari uko njiani, kwa hivyo wacha kujipima kwa macho ya wengine.

Jumapili wakiita watu mbele kaa tu kitini useme na Mungu hapo hapo kwa Kiswahili chako cha kawaida. Halafu jioni mpigie kaka yako simu, hata kama mtaongea tu habari ya mvua.