Maswali ya Wasomaji: Sherehe ya Venice juu ya kochi

Swali: Nataka kutundika sebuleni ule mchoro wa Canaletto wa sherehe ya Venice, wenye mashua kubwa ya dhahabu. Kochi lina sentimita 210, na dirisha la mkabala linatazama ziwa. Picha niliyomtumia mchapishaji kwa WhatsApp imetoka na watu kama madoa. Nifanyeje? — Msomaji, Capri Point, Mwanza

Jibu: Ubovu uko kwenye faili. WhatsApp hubana picha, na mchoro huu hauvumilii kubanwa. Mashua ile ni Bucintoro, iliyombeba Doge, mtawala wa Venice, kila Sikukuu ya Kupaa Bwana akatupe pete baharini. Canaletto alijaza watu gatini na mashuani, wengi wao mguso mdogo tu wa brashi. Hao wakifutika, sherehe imekwisha, yamebaki majengo.

Upana unaofaa ni theluthi mbili ya kochi, yaani sentimita 140. Mchoro wa miaka ya 1730 ambao Mfalme George III wa Uingereza aliununua mwaka 1762 una takriban sentimita 77 kwa 125, hivyo kimo chako kitakuwa 86. Fundi asiuvute ujaze ukuta, minara itanenepa. Faili iwe na pikseli zisizopungua 8,300 kwa upana, na itumwe kama dokumenti au kwa flashi.

Kanvasi ikikunjwa kuzunguka fremu, kila upande humeza sentimita 4 hivi. Mwambie mchapishaji aongeze ukingo wa rangi moja, la sivyo mashua za pembeni zitaishia ubavuni. Fremu iwe ya mbao zilizokauka vizuri, yenye upau wa kati. Mbao mbichi hujipinda na kanvasi hulegea. Kwa kuwa dirisha liko mkabala, pakeni vanishi isiyong'aa yenye kinga ya jua, la sivyo mchana mtaona mwanga wa ziwa badala ya picha.

Acha sentimita 20 juu ya kochi. Toboa kwa biti ya milimita 6 mpaka ndani ya tofali, maana lipu peke yake humeng'enyuka, kisha tia plagi na skrubu mbili. Bandika vipande vya mpira nyuma, pembe za chini, hewa ipite.

Swali: Je, nifunge taa ndogo juu ya picha? — Msomaji, Igombe

Jibu: Karibu na ufuko, hapana. Wadudu wa ziwani hufuata taa, na wakipondwa wabichi huacha doa. Waache wakauke, uwapanguse kwa brashi laini, kavu.