Kushuka kusini na mume wako katika chombo kimoja

Majani yakianza kugeuka rangi huwa naulizwa swali lilelile na wanandoa wenye mashua: je, chombo chetu kitafika Florida? Kitafika. Chombo kina subira kuliko waliomo ndani yake. Mimi na Baba Asha tumeshuka mara tatu sasa, kutoka Ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, hadi Miami, katika mashua ya matanga ya mita 10, na karibu kila balaa lililotupata lilianza pale mmoja wetu alipotazama kalenda.

Kwa hiyo nianze na kalenda. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na watu wa bima wanaujua kuliko mabaharia. Mkataba wetu ulitukataza kuvuka mstari fulani kwenda kusini kabla ya 1 Novemba. Wenu huenda una tarehe nyingine. Usomeni wote, hata yale maandishi madogo ya mwisho. Basi mapema sana hamwezi kutoka. Mkichelewa nako, baridi inawakuta bado mko Virginia, na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Jana yake mlikuwa na jioni ndefu, leo jua linatua yapata saa kumi na moja. Mashua kama yetu inakwenda maili 6 au 7 kwa saa kwa injini. Toa muda wa kung'oa nanga asubuhi na wa kutafuta pa kulala kabla ya giza, zinabaki maili 45 au 50 kwa siku. Njia yenyewe, kutoka Norfolk ambako maili zinaanzia sifuri, hadi Miami, ni kama maili 1,090.

Safari ya kwanza tulijipa wiki nne kwa sababu tulishamwahidi Asha kumpokea Miami siku fulani. Tulisafiri siku ambazo hakuna mtu mwenye akili aliyeondoka gatini. Siku hizi tunampa mgeni tarehe, au tunampa mahali. Vyote viwili hatumpi.

Wengine watawaambia mpite nje, baharini, mfike upesi. Yategemea wapi. Kwenye Cape Hatteras mkondo wa Gulf Stream unapita karibu na nchi ukielekea kaskazini, nao una nguvu. Upepo unaowafaa ninyi mnaokwenda kusini ni wa kaskazini, na upepo huohuo ndio unaopigana na mkondo na kuyasimamisha mawimbi kama ukuta. Ndiyo maana sisi tunapita ndani, kwenye Intracoastal Waterway, ambayo wenye mashua huiita Mtaro kwa utani: mito, ghuba na mifereji iliyounganishwa, na ukanda wa ardhi kati yenu na bahari. Mkishafika Beaufort ya North Carolina, mnaweza kuanza kuchungulia nje siku ikiwa nzuri. Msione haya kubaki ndani.

Kutoka Norfolk kuna njia mbili. Sisi huchukua Dismal Swamp Canal, uliofunguliwa mwaka 1805, na huko mnapandishwa na kushushwa katika vyumba vya maji vyenye milango mikubwa, huku mmeshika kamba mkononi bila kuifunga. Maji ni ya rangi ya chai ya rangi, yamekolezwa na miti ya kinamasi. Mkuku wenu, yaani ule uti ulio chini ya chombo, ukiwa mrefu, piteni ile nyingine, kwa sababu humu magogo hugonga chini na moyo unashtuka kila mara.

Madaraja ninayapita haraka. Yale yasiyofunguka mengi yana futi 65 juu ya maji, ila la Julia Tuttle pale Miami lina futi 56 tu. Pimeni mlingoti pamoja na antena yake. Wetu una futi 48, na bado kila mara nikiwa kwenye usukani nikitazama juu naona tunakwenda kuligonga. Macho hudanganya, hata Baba Asha huinama. Ya kufunguka muiteni mlinzi kwa redio, chaneli 13 huko Virginia na North Carolina, chaneli 9 kuanzia South Carolina kwenda chini.

Sasa Georgia. Huko maji hujaa na kupwa kwa mita mbili hadi karibu tatu, mara mbili kwa siku, na pande zote ni nyasi na matope. Kuna sehemu inaitwa Little Mud River, na matope yamo hata katika jina lake. Tuliifikia maji yakiwa yanakupwa. Mimi nilikuwa kwenye usukani, na kwa haraka nikakata kona upande wa ndani. Kina cha maji kwenye mto unaopinda kiko upande wa nje wa kona, hilo nalijua tangu zamani, lakini nilikuwa natazama saa. Mashua ilipunguza mwendo taratibu kama mtu anayekalia godoro. Kipima kina kikasoma mita moja na nusu, ambacho ndicho kimo cha mkuku wetu. Nikarudisha injini nyuma, yakaja matope tu.

Tulipwelewa saa sita. Zilikuwa zimebaki kama saa tatu maji yaishe kupwa, kisha saa tatu nyingine yarudi pale yalipotuachia. Hesabu ndiyo hiyo, kadiri unavyokwama mapema katika kupwa ndivyo unavyokaa. Chombo kikalala ubavu. Sufuria ya wali ikateleza kutoka jikoni hadi mlangoni, wali haukumwagika, na tuliula tumekaa ukutani. Baba Asha alitumia muda ule vizuri: alibeba nanga kwa kimashua chetu kidogo, akaitupa upande wenye kina, tukaikaza amari, yaani kamba yake. Maji yaliporudi tulijivuta wenyewe. Tangu siku hiyo sehemu za hivyo tunazipita maji yakiwa yamejaa nusu na bado yanapanda, ili tukigusa, maji yenyewe yatuinue. Na msifuate rangi za maboya peke yake, kwa kuwa kwenye milango ya bahari, pale njia inapokutana na bahari wazi, huwa zinabadilishana pande. Tazameni alama ndogo ya njano iliyo juu yake: mkielekea kusini, pembetatu iwe kulia kwenu na mraba kushoto.

Nanga ndiyo itakayopima ndoa yenu. Omo kule mbele na tezi huku nyuma ziko mbali, injini inanguruma, upepo unakula maneno. Safari ya kwanza tulikuwa kichekesho cha kila bandari: "Mama Asha, rudi nyuma!" "Nyuma ipi?" Sasa hatusemi. Mkono juu maana yake simama, ngumi maana yake nanga imeshika, kidole kinaonyesha mahali amari inapoelekea. Toeni amari mara saba ya kina, na kina hicho kihesabiwe cha maji yakiwa yamejaa. Huko Georgia mkihesabu ya maji kupwa, usiku wa manane mtaamka mkiwa kwingine.

Kuna jambo moja ningependa mlikubaliane kabla hamjafungua kamba ya kwanza. Tulifika Albemarle Sound asubuhi ya upepo. Ni maji mapana yasiyo na kina, na upepo ukivuma mawimbi yake huwa mafupi, makali, yanayofuatana bila kupumzika. Niliogopa. Nikanyamaza, kwa kuwa yeye alishavaa koti na kuwasha injini. Tulivuka, tukiwa tumelowa hadi mifupani, na siku mbili nilizungumza na birika tu. Baadaye tukaweka sheria: anayeogopa zaidi ndiye anayeamua, na haulizwi sababu. Nilidhani sheria ile ni yangu. Safari iliyopita yeye ndiye aliyeitumia zaidi.

Bado godoro. Wanaojitayarisha kwa dhoruba husahau unyevu. Usiku wa baridi pumzi za watu wawili hugeuka maji kwenye dari, na matone yanakudondokea usoni. Chini ya godoro wekeni ubao wenye matundu, hewa ipite. Mkiwasha jiko au hita ya moto ndani, acheni tundu la hewa wazi na mfunge king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na mnapolala. Hewa hiyo haina harufu. Glavu chukueni jozi tatu kila mmoja, maana moja huwa imelowa na moja huwa imepotea. Sisi godoro letu hulitoa nje St. Augustine, tukalilaza juu ya boriti ya tanga kutwa nzima, na soksi zote kando yake.