Re: Saa ya Windows inarudi nyuma masaa 3 tangu niweke Linux Mint
Habari mkuu. Kama Windows inachelewa masaa 3 kamili kila ukitoka Mint, usikimbilie kubadili betri ndogo ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Mint huhifadhi saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye mazabodi, Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu. Tuko UTC+3, ndiyo hayo masaa yako.

Kwanza hakikisha kanda ya saa (time zone) ya Mint ni Africa/Dar_es_Salaam. Kisha, humo humo Mint, fungua Terminal (dirisha la kuandika amri), andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Halafu andika timedatectl peke yake. Mstari wa "RTC in local TZ" (yaani saa ya mazabodi iko kwenye saa ya hapa) useme yes. Chini yake kuna onyo refu, lisikutishe: linahusu hasa nchi zinazobadili saa kwa majira.

Ingia Windows, rekebisha saa mara moja tu. Ikikosea hata bila kuwasha Mint, hapo kagua betri, mara nyingi ni CR2032.