Una mwili mkubwa na unaenda kukatwa utumbo? Soma hii kwanza

Wanene wenzangu, hii ni yetu. Nilipoambiwa nina kansa ya utumbo mpana kila mtu mtaani akawa daktari, eti mnene hafanyiwi upasuaji wa matundu (ule wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo tumboni), lazima apasuliwe tumbo zima. Si kweli, tena sisi ndo tunafaidika zaidi, maana mshono mrefu kwenye tumbo lenye mafuta unatunga usaha kirahisi na baadae unaleta henia, yaani utumbo unachomoza penye mshono. Matundu ni ya milimita 5 mpaka 12 hivi, ila moja wanalipanua kidogo kipande cha utumbo kipate kutoka.

Ila kwa daktari kazi ni ngumu. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, mara nyingi unalazwa kichwa chini, sasa kwa uzito wetu mapafu yanabanwa na mafuta ya ndani yanaficha mishipa ya damu, ndo maana kuna wakati wanaachana na matundu wanafungua tumbo. Hapo hawajafeli, wanakulinda, we saini karatasi ukilijua hilo. Muulize daktari amezoea kufanya utumbo kwa matundu kwa watu wa uzito wako au ndo anaanza, na ujinga wa kuahirisha kansa ili kwanza upungue kilo usiufanye bila yeye kukwambia.

Daktari wa usingizi mweleze kila kitu. Mke wangu alimwambia nakoroma mpaka pumzi inakata, nikaona aibu kweli, kumbe ndo habari aliyokuwa anaitaka, nikapimwa nikapewa mashine ya kulalia, ile inayosukuma hewa pumzi isikate usingizini. Uliza pia kitanda cha tieta (chumba cha upasuaji) kinabeba kilo ngapi, sikutanii.

Ukiamka bega linaweza kuuma kuliko tumbo, ni ile gesi, inaisha. Nesi atakuinua utembee wakati hutaki hata kusikia, inuka tu, damu ikiganda miguuni ikapanda kwenye mapafu unaondoka, na zile sindano za kuzuia kuganda wenye kansa mara nyingi tunaendelea nazo nyumbani mpaka wiki 4. Mi nilitafuna bigijii ili utumbo uamke, na kila asubuhi nesi "baba, umetoa hewa?", siku nilipojibu ndio wodi nzima ikacheka.

Nyumbani ukiona homa, moyo unaenda mbio au tumbo linazidi kuuma, rudi hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Panapounganishwa utumbo panaweza kuvuja, na tumbo nene linaficha, kwa nje unaweza usione kitu.