Samaki Aina ya Mkunga Aliyetoweka Hutambuliwaje kwa Kijiwe cha Sikio?

SWALI: Nimesoma kwamba wataalamu huwapa majina mikunga waliotoweka zamani kwa kutazama vijiwe vya masikio tu, bila mfupa hata mmoja. Je, utambuzi huo unaaminika?

JIBU: Unaaminika, ila si kwa kila kijiwe. Samaki wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe hivyo kichwani, vinavyowasaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Katika udongo wa mfinyanzi wa Barton, pwani ya kusini ya Uingereza, wenye umri wa takriban miaka milioni 40, mtafiti huloweka udongo, huuchekecha, kisha huokota vijiwe chini ya hadubini, vingi vikiwa vya milimita chache tu.

Kinachochunguzwa zaidi ni mfereji uliochongeka upande wa ndani wa kijiwe: urefu wake, kina chake, na iwapo unafika ukingoni. Kwa mikunga wa jamii ya konga, familia moja ya mikunga wa baharini, mara nyingi kijimfereji chembamba hupanda kutoka sehemu ya mbele kuelekea ukingo wa juu, alama ambayo hulinganishwa na vijiwe vya mikunga walio hai.

Tangu Mjerumani Ernst Koken alipochapisha utafiti wake kuhusu vijiwe hivi mwaka 1884, spishi nyingi zimepewa majina kwa njia hii, na nyingine, kwa maoni yangu, kwa haraka mno. Kijiwe cha samaki mchanga huwa hakijakomaa alama zake, na kilicholika hupoteza mfereji wenyewe. Mtafiti mwangalifu asiyeijua jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, huandika “genus Congridarum”, yaani ni wa jamii ya konga, basi.