Kiyoyozi kinanuka soksi mbichi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina gari, Toyota IST, nililonunua kwa mtu mwaka jana. Asubuhi nikiwasha kiyoyozi kinatoa harufu ya soksi mbichi, baadaye inapungua. Binti yangu ana pumu, na siku hizi anaanza kukohoa kabla hatujafika shuleni. Nimeongezewa gesi kwa elfu hamsini, harufu iko palepale. Sasa nimetundika marashi.
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo marashi yatoe leo. Hayaui kuvu, na kifua chenye pumu hakipatani nayo. Elfu hamsini ndiyo imeshakwenda: gesi kazi yake baridi, harufu haiihusu.

Nyuma ya dashibodi kuna evaporeta, kama rejeta ndogo yenye mapezi membamba. Ikipoa, unyevu wa hewa hugeuka maji juu yake, kama jasho la chupa ya soda. Ukizima gari, mapezi yanabaki mabichi, gizani, na vumbi limegandia. Kuvu atake nini tena? Asubuhi feni inawapulizia usoni.

Yale maji hutoka chini ya gari kwa kimpira. Egesha pakavu, washa kiyoyozi robo saa, kisha chungulia. Kwa joto la Dar, usipoona tone, na zulia la miguuni pa abiria limelowa, mpira umeziba. Uzibuliwe, na zulia ling'olewe lianikwe, maana nalo huota kuvu.

Halafu filta ya hewa ya ndani, nyuma ya droo ya abiria. Filta ya oili mnaikumbuka kila sevisi. Hii haina mwenyewe! Nimewahi kuchomoa moja imejaa majani makavu na kinyesi cha panya, mwenye gari akaapa hakujua kama ipo. Usikubali ipulizwe na kurudishwa. Nunua mpya, kila mwaka.

Mwisho evaporeta ioshwe kwa dawa yake ya povu, mtoto akiwa mbali na milango wazi. Atakayekuja na jiki mfukuze: inakula alumini, na moshi wake ni balaa kwa pumu.

Baada ya hapo, dakika tatu kabla ya kufika nyumbani zima kiyoyozi, acha feni ikaushe. Asubuhi shusha vioo, feni izunguke kwanza, ndipo binti apande. Kikohozi kikiendelea mpeleke kwa daktari. Hapo spana zangu hazifiki.