Septante, ngeli na alama 12: maswali yenu kuhusu Kifaransa chuoni

Meseji zimefurika tangu msimu wa maombi ya vyuo uanze. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale ya matusi kwa Wafaransa nimewaachia wenyewe.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na Kifaransa sijawahi kukisoma. Naweza kukianza chuo kikuu? (Kijana, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Inategemea chuo. Vingine vinataka uwe umekifaulu sekondari, vingine vinampokea hata anayeanza na *bonjour*. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, usome sifa za kozi yenyewe, achana na habari za kijiweni. Kama utaanza sifuri, miezi ya kusubiri chuo usiimalizie kwenye simu. Alliance Française, kituo cha kufundisha Kifaransa, ipo Dar es Salaam na Arusha, na ngazi za A1 na A2, zile mbili za mwanzo, zitakupunguzia aibu ya muhula wa kwanza. Cheti cha DELF, kile rasmi cha Ufaransa kwa wanaojifunza lugha yao, ukishakipata ni chako maisha. Kile cha TCF, mtihani wa kupima kiwango chako, kinadumu miaka 2 tu.

Niko mwaka wa kwanza. *Le* na *la* zinanitoa jasho. Kwani meza imekuwaje ya kike? (Msichana, Tanga)

Na mkate, mto na mkono vimekuwaje ngeli moja? Hujawahi kuuliza. Unasema tu "mkate mzuri, mikate mizuri", hata usingizini. Mfaransa ana makundi mawili ya majina, wewe umekua na ngeli chungu nzima, na upatanisho umeunyonya na maziwa. Shika kila jina pamoja na kiambata chake, *la table*, *le livre*, kama unavyoshika kitabu na vitabu, na miezi michache mbele sikio litakataa lenyewe ukikosea.

Kazi kubwa iko kwingine. Sisi tumezoea kila herufi iliyoandikwa isomwe. Kwa Kifaransa *parle*, *parles* na *parlent* hutamkwa vilevile, kwa hiyo anayejifunza kwa macho pekee huandika vizuri lakini akisemeshwa haambulii kitu. Sikiliza redio kila siku, hata dakika kumi. Ile *u* ya *tu*, chonga midomo kama unapiga mluzi, kisha jaribu kutamka "i". Wenzako watacheka, na wao pia wafanye. Halafu kuwa makini na *poisson* na *poison*: wa kwanza ni samaki, wa pili ni sumu, na wanaachana kwa s moja tu.

Mwanangu anataka kusoma Kifaransa. Baba yake anasema huko ni kupoteza ada. Wewe wasemaje? (Mama, Dodoma)

Baba yuko sahihi nusu, mama. Digrii ya Kifaransa kitupu mara nyingi huishia kwenye ualimu, na ualimu wenyewe unahitaji masomo ya ualimu ndani yake. Kwa hiyo muulize kijana anakiunganisha na nini: ualimu, utalii, sheria, ukalimani, biashara ya forodha?

Ila hiyo nusu nyingine baba hajaiona, labda kwa sababu watu wakisikia Kifaransa wanaona Paris na mnara wake. Kwetu sisi Kifaransa ni lugha ya jirani. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022. Mzigo wa Bujumbura na Lubumbashi unashushwa bandari ya Dar es Salaam, na nyaraka za upande wa pili zimeandikwa Kifaransa. Arusha ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa ni lugha ya kazi. Umoja wa Afrika nao ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Mkalimani wa Kifaransa na Kiingereza atakutana na foleni ya wenzake. Wa Kifaransa na Kiswahili, kwa maoni yangu, atapata nafasi ya kupumua.

Ada si yangu, lakini mimi ningelipa.

Nilikuwa Bukavu kwa mafunzo. Duka zima linasema *septante* (70) na *nonante* (90). Darasani tulifundishwa *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Nani anakosea?

Hakuna. Kongo, Rwanda na Burundi zilirithi hesabu ya Wabelgiji, na Waswisi nao wanasema hivyo. Mfaransa wa Ufaransa ndiye anayesema "sitini na kumi", na tisini kwake ni "ishirini mara nne na kumi". Kwenye mtihani mpe mwalimu anachotaka. Sokoni sema *nonante*, chenji itarudi haraka.

Tunasoma lugha ya mkoloni, na fasihi yake juu. Huoni haya?

Mwandishi Kateb Yacine wa Algeria alikiita Kifaransa ngawira ya vita. Ngawira huchukuliwa, haiombwi. Paris ya miaka ya 1930, washairi Senghor wa Senegal, Césaire wa Martinique na Damas wa Guyane walikitumia Kifaransa hichohicho kusema weusi wao si aibu, wakaanzisha harakati za Négritude. Tena shirika lililokuja kuwa Francophonie, jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, lilizaliwa Afrika, mjini Niamey, Niger, tarehe 20 Machi 1970. Rwanda nayo iliamua 2008 kufundisha kwa Kiingereza, lakini Mnyarwanda, Louise Mushikiwabo, akashika ukatibu mkuu wa Francophonie mwaka 2019. Siasa za lugha hazinyooki kama rula. Kozi ikiwasomesha Wafaransa tu, lalamika, nitakuunga mkono.

Rafiki yangu anasoma Lyon, amepata 12 kwa 20 na anashangilia. Kapoteza akili?

Hapana. Kufaulu ni 10, 12 huitwa *assez bien*, 14 *bien*, 16 *très bien*. Walimu wa huko ni wachoyo wa alama. Mpongeze.

Mjomba wa Lubumbashi ana *licence* ya miaka 5, rafiki wa Ufaransa ana ya miaka 3. Ipi ya kweli?

Zote, na hakuna ya udereva. Kwa mfumo wa zamani wa Kongo ulisoma *graduat* miaka 3, kisha *licence* miaka 2 juu yake. Ufaransa *licence* ni digrii ya kwanza, miaka 3, na Kongo nayo imehamia mfumo huo. Mjomba akiomba kazi Tanzania, aambatanishe orodha ya masomo na miaka yake, apeleke TCU vitambuliwe. Asiandike "leseni" kwenye wasifu wake; nimewahi kuona mwombaji akiulizwa ni ya daraja gani.